Sanrufu imekwama kwenye gari ya zamani: uisafishe, ubadilishe spea, utafute kaseti (mfumo wake mzima) ya mtumba au uifunge jumla?

Gari ikishakula miaka, sanrufu (kile kioo cha kwenye paa kinachofunguka) ni moja ya vitu vinavyoanza kugoma mapema, na ikigoma tu kila mtu anakuja na dawa yake, huyu anakwambia piga grisi, yule anasema mota imekufa hiyo, mwingine anakwambia paka silikoni uachane nayo. Kiukweli wote wanaweza kuwa sahihi, inategemea imegomaje na imegomea wapi. Ntapitia njia moja moja nikizipambanisha, na ipi naiona ni kutupa hela ntasema wazi.

Kabla hujauliza bei ya mota angalia kioo kimesimama wapi. Kikiwa kimefunga kabisa na maji hayaingii ndani, wewe huna dharura, unaweza kukaa nayo hivyo hata mwaka ukitafuta spea kwa raha zako. Kikiwa wazi, au kimeinuka kile kipande cha nyuma hakishuki, hapo kazi ya kwanza sio kutengeneza, ni kufunga. Hivi vitu viwili watu wanavichanganya sana, fundi anafungua dari nzima saa kumi na moja jioni mawingu yametanda wakati mwenye gari alichohitaji siku ile ni gari ilale kavu tu.

Kwanza ifunge, mengine baadae

Gari nyingi zenye sanrufu ya umeme zimeachiwa njia ya kufunga kwa mkono. Bandua kile kifuniko cha plastiki darini karibu na taa ya ndani (kwenye gari zingine kipo kwa nyuma), utaona mota, na kwenye mota kuna tundu la pembe sita. Ufunguo wake huwa umepachikwa nyuma ya hicho hicho kifuniko, au upo na vifaa vya kubadilishia tairi, na ukiukosa basi ufunguo wa kawaida wa pembe sita wa milimita 4 au 5 unaingia kwenye gari nyingi. Sasa hapa kuna ujanja ambao wengi hawaujui: kwenye baadhi ya mota lazima usukume ufunguo kwenda juu huku unazungusha ndo gia inaachia, usiposukuma unahisi umegonga ukuta, mtu anaongeza nguvu, anaongeza tena, mpaka lile tundu linakuwa duara na ufunguo haushiki tena kitu. Ukiona kugumu simama, sukuma juu, jaribu upya taratibu.

Wakati unazungusha awepo mtu mwingine ameweka viganja chini ya kioo anakisindikiza pande zote mbili sawa, na vidole vyake viwe mbali na ukingo. Na jicho lako liwe kwenye ukingo wa nyuma wa kioo, ukiona kulia kunakuja na kushoto kumebaki usiendelee kulazimisha, kioo kikienda mshazari kinabana kwenye reli na cha kuvunjika hapo ni plastiki au chenyewe. Vioo vingi vya sanrufu ni vile vilivyoimarishwa kwa joto, vinavumilia uzito katikati lakini ukigonga ukingo kwa bisibisi vinasambaratika vyote kwa mpigo. Kwahiyo habari za kuchokonoa pembeni na bisibisi bapa sahau.

Ikigoma hata kwa mkono, funika kwa nailoni nzito ubandike na utepe imara usiobandua rangi, endesha taratibu. Hasa kama kuna kishikio kimevunjika, maana ukiwa mwendo wa kasi upepo unaopita juu ya paa unavuta kioo kwenda juu, unaweza kukiacha njiani kikamkuta aliye nyuma yako.

Sikiliza kabla ya kufungua

Washa swichi ya gari mpaka taa za dashibodi ziwake, zima redio, funga milango, bonyeza kitufe cha sanrufu na usikilize. Hii haikugharimu kitu na inakuondolea nusu ya kubahatisha.

Ikiwa kimya kabisa, hata mguno hamna, shida karibu kila mara iko kwenye umeme: fyuzi, swichi yenyewe, rilei (kile kiboksi kidogo kinachowasha na kuzima umeme), waya au mota. Anza na fyuzi, mara nyingi ni ya ampia 20 au 30 lakini soma kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi usikisie, na usiweke kubwa kuliko iliyoandikwa, fyuzi ikiungua mara mbili inakwambia kuna kitu kinabana au waya umechubuka, ukiiwekea kubwa unahamishia moto kwenye waya uliopita darini.

Ukisikia "tak" moja halafu basi, umeme unafika, ila kitu kinashindwa kusogea. Hapo ni mota imechoka au kioo kimeganda kwenye mpira wake, na hili la kuganda ni la kawaida sana kwa gari iliyokaa juani muda mrefu bila sanrufu kufunguliwa.

Ukisikia mota inazunguka vizuri, trrrrrr, na kioo hakina habari, ni meno. Mota ina gia ndogo inayouma kebo mbili, moja ya upande wa kulia nyingine ya kushoto, hizi kebo zimesukwa kama springi ndefu na ndo zinasukuma kioo. Gia ikilika au kebo ikilika hakuna kinachosukumwa.

Kioo kikienda nusu halafu kinarudi chenyewe, ama kuna ugumu kwenye reli na mfumo unadhani umebana mkono wa mtu, ama mota imesahau ilipo. Kusahau kunatokea sana baada ya kuchomoa betri, na hii ni habari njema maana dawa yake ni kuriseti tu, bure.

Na kioo kikitangulia upande mmoja, acha kubonyeza. Acha kabisa. Kile kitelezi cha plastiki (kinachotembeza kioo kwenye reli) upande uliobaki kimevunjika au kebo imeruka meno, na kila ukibonyeza unahamisha shida ya spea ndogo kwenda kwenye reli, na reli ikipasuka umeshaingia kwenye bei nyingine.

Kusafisha na kupaka grisi, dhidi ya kununua mota

Hapa ndo watu wengi wanaingia mkenge. Sanrufu inaenda taratibu, inalalamika, inasimama katikati, na jibu la haraka linakuwa "mota hiyo". Mota inanunuliwa, inafungwa, inavuta vizuri wiki kadhaa kisha nayo inaanza kulalamika, kwasababu tatizo lilikuwa reli. Grisi ya kiwandani ikishakaa miaka inakauka, inachanganyika na vumbi inakuwa uji mweusi mgumu, na mota yoyote utakayoweka itakuwa inasukuma kioo kwenye huo uji.

Kwahiyo kama mota inatoa sauti ya kuhangaika na kioo kinasogea hata kidogo, safisha kwanza. Huo ndo msimamo wangu na siuoni wa kubishaniwa. Fungua kioo mpaka kinapofika, ingiza kitambaa kisichoacha manyoya kwenye mfereji wa reli, toa ule uchafu wote, kona futa kwa pamba za masikio zenye spiriti kidogo. Petroli usitumie, inaharibu mpira na plastiki, halafu unaimwaga ndani ya gari kabisa, hatari. Angalia pia kama hakuna jani, kijiti au kipande cha plastiki kilichokatika, mara nyingine mwizi wako ni kokoto moja tu. Ukishamaliza paka grisi tabaka jembamba, grisi ya silikoni au nyingine isiyodhuru plastiki, na kama mtengeneza gari kataja grisi yake fuata hiyo. Mpira wa kuzunguka kioo nao upake silikoni, usigande tena.

WD-40 je? Kila mtu anayo, na ndo inapulizwa kwanza. Inalegeza kitu kilichoganda, sawa, lakini sio grisi. Ile ya kawaida ni nyepesi, inaosha hata kile kidogo cha grisi kilichokuwa kimebaki, inakauka na vumbi linakaa upya. Sanrufu inaenda vizuri siku mbili tatu mtu anasema imepona, kisha inarudi ngumu kuliko mwanzo. Itumie kufungulia ukikwama kabisa, halafu futa yote na upake grisi ya kweli.

Baada ya kusafisha riseti. Gari nyingi unafunga kioo kabisa halafu unashikilia kitufe kwenye upande wa kufunga au wa kuinua kwa sekunde kumi mpaka thelathini mpaka kioo kitikisike kidogo au kiende na kurudi chenyewe. Utaratibu hutofautiana gari na gari, kitabu cha gari kinayo.

Mota iwe chaguo la kwanza lini? Pale umepima ukakuta umeme unafika kwenye plagi yake, volti 12 kamili, na yenyewe imelala. Mota za zamani za waya mbili unaweza kuzipima kirahisi, unazipa umeme moja kwa moja toka betri ukigeuza nyaya inazunguka upande mwingine, ukiona inazunguka nzima basi tatizo ni swichi au rilei, usinunue. Ila mota yenye waya nyingi ina ubongo wake ndani, hiyo usiipe umeme wa kubahatisha, utaiua ikiwa hai. Njia rahisi ya kuijua: itoe kwenye reli (mara nyingi skrubu tatu za nyota), iache imening'inia kwenye plagi yake, bonyeza kitufe. Ikizunguka kwa nguvu ikiwa nje na ikishindwa ikiwa ndani, mota haina kosa, reli ndo ngumu.

Angalizo moja hapo, na hili mafundi wengi wanalipita: mota itolewe kioo kikiwa kimefunga kabisa, na irudishwe hivyo hivyo. Mota nyingi zinahesabu mizunguko zijue kioo kiko wapi. Ukiitoa kioo kikiwa nusu ukairudisha kimefunga, yenyewe bado inaamini kiko nusu, itaendelea kusukuma kitu ambacho kimeshafika mwisho.

Ukilinganisha gharama, kusafisha ni mchana mmoja na kopo la grisi, mota ni hela ya maana hata ya mtumba. Ugumu wa kufunga ni mdogo kwa zote mbili. Ndo maana nasema hata kama una hakika ni mota, safisha tu kwanza, maana mota mpya nayo inataka reli safi.

Vitelezi na kebo, dhidi ya kaseti nzima ya mtumba

Hapa ndo penye uamuzi mgumu kidogo. Kaseti ni ule mfumo wote kwa pamoja: fremu, reli, kebo, vitelezi, wakati mwingine na mota yake. Kampuni kama Webasto na Inalfa zinatengenezea watengeneza magari wengi, kwahiyo kwenye fremu mara nyingi utakuta stika yenye namba, namba hiyo inakusaidia kutafuta spea kuliko kutaja jina la gari peke yake.

Shida ni kwamba watengeneza magari wengi hawauzi kile kiplastiki kilichovunjika, wanakuuzia kaseti nzima, na ukiona bei yake ya upya kwa gari kuukuu unaweza kudhani wamekosea tarakimu. Ndo pakazaliwa zile seti za kutengenezea, zinazotengenezwa na watu wengine, ndani unakuta vitelezi, vishikio na wakati mwingine kebo, vingine vya chuma badala ya plastiki. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya kaseti.

Seti inashinda kama reli ni nzima na kilichokufa ni kitelezi au kishikio. Na ukifanikiwa unakuwa umeondoa hasa kile kilichokuwa dhaifu. Ubaya wake ni kazi, sio rahisi hivyo. Unafungua kioo (skrubu nne mpaka sita za nyota pembeni, weka alama ya zilipokuwa kabla hujalegeza), unachomoa vitelezi, na kama gari yako haijaacha nafasi ya kufanyia kwa juu, dari inashuka. Na ukigusa kebo, badilisha zote mbili, halafu lazima zipangwe sawa kulia na kushoto kabla mota haijarudi. Tofauti ya jino moja tu kioo kinakwenda mshazari kama droo inayovutwa kwa mkono mmoja, na siku hiyo hiyo plastiki mpya imevunjika. Ukinunua seti hakikisha inasema inaenda upande gani, zingine kulia na kushoto sio sawa na watu wananunua mbili za upande mmoja.

Kaseti ya mtumba inaonekana rahisi, "toa weka". Lakini jiulize hiyo imetoka wapi, imetoka kwenye gari ya umri kama wa kwako, plastiki zake zimekaa kwenye jua lile lile miaka ile ile. Unaweza kutoa tatizo lako ukaleta lingine la aina hiyo hiyo, tofauti halijafika siku yake. Mimi kaseti ya mtumba naikubali kwa sababu moja tu, reli ya kwangu imepasuka au fremu imepinda, hapo huna ujanja. Na hata hivyo ukiipata usiifunge hivi hivi, iweke mezani, isafishe, paka grisi, isukume kwa mkono uone vitelezi vyote vinatembea sawa, na kama seti ya vitelezi vipya ipo ifunge humo humo wakati iko nje. Kuishusha dari mara ya pili kwa plastiki ya bei ndogo kunauma.

Na dari yenyewe ni mtihani. Kuishusha unatoa plastiki za nguzo zote, vishikio vya mkono, vikinga jua, taa, wakati mwingine na viti vinalazwa ili itokee buti au mlango wa mbele. Ukiikunja imepata mkunjo haunyooki. Na kwenye gari zenye eabegi za pazia, zile za pembeni mwa paa, zimelala hapo hapo zinapopita nyaya na vimrija, kwahiyo betri inachomolewa na unasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa, na wakati wa kurudisha hakuna kubana kitu kwenye njia yake. Hii kazi mtu anayeifanya mara ya kwanza aifanye kwa gari ambayo hana shida nayo, vinginevyo fundi mwenye uzoefu wa dari, sio kila fundi.

Kuifunga jumla: fyuzi, gundi au bati

Tuwe wakweli, watu wengi sanrufu wanaifungua mara chache mno, na kwa gari ambayo thamani yake imeshashuka sioni aibu yoyote kuifunga na kuisahau. Ila kuna kufunga na kufunga.

Ya kwanza ni kufunga kwa mkono vizuri halafu unachomoa fyuzi au plagi ya mota ili mtoto asije akabonyeza. Hii naipenda kuliko zote. Haiharibu kitu, ukipata hela au spea kesho unairudisha. Kabla ya kuchomoa fyuzi angalia hiyo fyuzi haihudumii kitu kingine, gari zingine ziliunganisha, ukija kushtuka taa ya ndani au kitu kingine hakifanyi kazi.

Ya pili ni silikoni au gundi kuzunguka kioo, hii ndo inayosambaa sana na ndo siipendi. Ile silikoni ya dukani yenye harufu kali ya siki inatoa asidi wakati inakauka na inaweza kuanzisha kutu kwenye bati, kisha mabaki yake yanafanya rangi isishike ukija kupiga rangi siku nyingine. Kama lazima ugundishe, tumia ile gundi ya kubandikia vioo vya mbele vya gari, na ujue kioo hakitatoka tena bila kukatwa. Mtu akitaka kununua gari yako pia ataona, na atauliza maswali.

Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba gundi mara nyingi inatibu ugonjwa usiokuwepo. Mpira wa sanrufu haukutengenezwa kuzuia maji yote. Maji kidogo yanapita, yanaanguka kwenye mfereji wa fremu, na kwenye kona kuna vimrija vinavyoyashusha, vya mbele vinapita ndani ya nguzo za kioo cha mbele na vya nyuma kwenye nguzo za nyuma, yanatokea chini nje ya gari. Kimrija kikiziba kwa vumbi na majani, au kikichomoka kwenye chuchu yake, maji yanafurika ndani, dari inakuwa na madoa, zulia linalowa miguuni, na kwenye gari zingine kuna moduli za umeme chini ya zulia hapo. Mtu anaona maji anasema mpira, anagundisha, maji bado yanapata kijinafasi kwenye gundi na sasa hana hata njia ya kufungua kusafisha vimrija.

Kwahiyo uifunge au usiifunge, vimrija lazima vipite. Mimina kikombe kidogo cha maji kwenye kona ya mfereji, angalia chini ya gari yanatoka upande huo. Yasipotoka, pitisha uzi wa nailoni ule wa mashine ya kukatia nyasi, taratibu, mpaka upite. Upepo wa kompresa usipige, ukizidi unachomoa kimrija ndani ya nguzo na huko hukifikii bila kushusha dari. Kwa mtu ambaye sanrufu yake imekwama imefunga ila inavuja, hii ndo matengenezo yake, na mota hata asiiguse.

Ya tatu ni kutoa kila kitu na kuziba tundu kwa bati. Inawezekana, fundi bodi mzuri anachomelea, anapiga rangi, anaweka dari ya gari ya aina hiyo isiyo na sanrufu. Lakini paa ni sehemu inayobeba gari ikipinduka, na uchomeleaji wa paa unakunja bati kwa joto ukifanywa vibaya, halafu rangi ya paa zima, halafu dari nyingine. Ukijumlisha umeshazidi kaseti. Labda fremu imeoza kwa kutu, hapo nakuelewa.

Kama yako ni panorama

Panorama ni ile sanrufu yenye kioo kinachochukua sehemu kubwa ya paa, na hapa mizani inabadilika. Kioo ni kikubwa na kizito, vishikio vyake vinabeba zaidi, pazia lake nalo mara nyingi lina mota na kebo zake, na kaseti yake mara nyingi haitoki bila kushusha dari yote. Kusafisha na kupaka grisi bado ndo mwanzo, na kwa panorama ifanye hata kabla haijakwama. Ila ikishavunjika kitelezi, kujitengenezea nyumbani sishauri, kioo hicho watu wawili ndo wanakibeba. Kama imefunga na ni kavu, na gari ni ya zamani, chomoa umeme wake basi. Na ukikuta pazia tu ndo limekwama huku kioo kinatembea, usikubali kuuziwa mota ya kioo, ni mfumo mwingine.

Ningechagua ipi

Imefunga, kavu, huifungui mara kwa mara: fyuzi nje, vimrija safi, umemaliza. Inaenda kwa shida: safisha na riseti, na mpaka hapo usinunue chochote. Kimya kabisa: pima kwa mpangilio, fyuzi, swichi, kisha mota. Inakwenda mshazari: acha kubonyeza, ifunge kwa mkono, tafuta seti ya vitelezi na fundi wa dari. Reli imepasuka: kaseti ya mtumba kama gari bado unaipenda, kama unaiuza ifunge na umwambie mnunuzi.

Kwa fundi, usimwambie "nitengenezee sanrufu", hapo anakupa bei ya kaseti. Mwambie ulichosikia na ulichopima, kwamba umeme unafika au haufiki, kioo kinatangulia upande upi, reli umesafisha au bado. Akishamaliza usipokee gari kwa kufungua na kufunga mara moja tu. Pitisha ukucha kwenye maungio ya kioo na paa, kwa gari nyingi ukingo wa mbele unatakiwa uwe sawa na paa au chini yake kwa kama milimita moja, na wa nyuma sawa au juu kidogo, ukiwa kinyume chake utasikia mluzi wa upepo ukiongeza mwendo. Fungua na funga mara kadhaa mfululizo, kisha mwagia maji ya bomba bila presha juu ya paa kwa dakika chache, ingia ndani na tochi upapase kitambaa cha dari kwenye kona zote nne na zulia la mbele pande zote mbili, na chini ya gari maji yaonekane yanatoka. Ndo ulipe iliyobaki.